Mweka Hazina wa Harusi ya Mujuni

Muleba, 9 Juni 2024

Annastella mwanangu,

Na tangu uanguke pale ofisini, huyo mkubwa wako amekuja hata kukuona? Umelalaje? Unakula? Mimi goti linanisumbua, lakini goti si ugonjwa, ni uzee. Anaandika jirani yetu Anatolia, nimemwambia asipunguze neno.

Daktari kasema upumzike mwezi, wao wakakupa siku tatu, eti wanafunga hesabu za mwaka. Mwaka gani unafungwa mwezi wa sita? Kahawa yenyewe bado tunachuma. Ng'ombe wetu yule mwekundu, akiumwa, marehemu baba yako alikuwa hamkamui. Ng'ombe huyo alikuja kuuzwa mnadani Kagondo, ila hayo mengine. Wewe unaumwa wanakukamua.

Njoo nyumbani. Nitakupikia ndizi, ulale tu. Na kwa kuwa utakuwepo, kamati ya harusi ya Mujuni, mtoto wa baba yako mdogo, imekuweka mweka hazina. Nimekukubalia. Nani tena, na msomi wa hesabu ni wewe?

Mama yako


Bukoba, 17 Juni 2024

Shikamoo Mama,

Pole na goti. Mimi usingizi hauji.

Nilikuwa nimeshafunga begi. Niliposoma barua yako nikalifungua. Kwenye msiba wa Baba mlinipa daftari la rambirambi kabla sijalia. Mpaka leo sijalia. Sasa harusi. Huko nako ni ofisi, Mama. Siji.

Mwanao


Muleba, 25 Juni 2024

Annastella,

Goti usiliulize. Wewe usingizi vipi?

Barua yako Anatolia kaisoma mara mbili, ya pili polepole, kana kwamba mimi kiziwi. Nilikasirika. Nikasema mtoto ana kiburi cha mjini. Nikashinda kibanjani kwenye migomba yetu nakata majani, hata mabichi nikakata.

Kwenye msiba nilikuona na lile daftari. Dada yako Joyness analia mpaka anashikwa, wewe unaandika majina ya watu. Nikadhani ndio uhodari.

Hapa nimewaambia una malaria. Malaria wanaielewa. Nikisema mtoto kachoka kuhesabu, watacheka: jembe hajashika, kachoka na nini? Wa kwanza Rugaibula, mwenyekiti wa kamati, ambaye yeye mwenyewe jembe analiona kwa jirani.

Chumba chako nimekifagia, nime...

Ngoja, naitwa nje. Ni huyo huyo Rugaibula na kamati yake, wanauliza kama mweka hazina kafika. Anatolia, acha hapo. Niende nikawaambie watafute mwingine, na kwamba si malaria.