Wifi Faida na Picha za Utumbo Wangu

Alhamisi, Kisugu. Mvua ilianza alfajiri, ikakatika adhuhuri, na sasa jua linawaka kwa hasira kana kwamba lilikuwa limefungiwa mahali. Nimekaa barazani na bakuli la uji. Nina njaa ya siku mbili, nina gesi tumboni, na nina shukrani ambayo sijui niiweke wapi.

Leo nimepigwa picha za utumbo.

Nianzie kwa kaka yangu mkubwa, Ramadhani, aliyekuwa dereva wa malori ya safari ndefu. Alifariki mwaka jana kwa saratani ya utumbo mpana. Alikuwa akiona damu chooni kwa muda mrefu, akanyamaza. Katika ukoo wetu wa Kinubi tunajua sana kusimulia vita walivyopigana babu zetu, lakini habari za chooni hatumwambii hata daktari. Alipopimwa, ugonjwa ulikuwa umeshafika kwenye ini.

Mjane wake ni Faida, Mkongomani wa upande wa Bukavu, muuza vitenge Kamwokya. Hapa lazima niungame: sikumpenda. Siku Ramadhani alipomleta nyumbani nilisema, tena mbele ya marehemu mama, kwamba kumbe Kampala nzima imeishiwa wanawake. Na matangani nilisema neno baya zaidi. Nilisema mke anayefua nguo za mumewe angeiona hiyo damu. Faida alikuwa amekaa mkekani, hatua tatu tu kutoka nilipokuwa. Alisikia.

Miezi minne baadaye akabisha hodi kwangu.

Hakuja kugombana. Alikuja kuniambia kwamba daktari wa Ramadhani alimwagiza ndugu wote wa tumbo moja wapimwe, hata wasiojisikia vibaya. Nikamjibu kwamba mimi ni mzima. "Na yeye alisemaka vile vile," akasema. "Wifi, unangoja nini? Unangoja damu?"

Nilienda, nusu kwa hofu na nusu ili aniache. Kipimo kinachojulikana ni kamera inayoingizwa kwa njia ya haja kubwa. Lakini mimi nameza dawa za kuzuia damu isigande, tangu mguu wangu ulipopata bonge la damu, na daktari hakutaka kuzisimamisha bila sababu kubwa. Akanishauri njia ya picha. Mashine ya CT inakupiga picha tumbo zima kutoka nje, kompyuta inaziunganisha, na daktari anauona utumbo wako kwa ndani kwenye skrini, kama mtu anayepita kwenye pango na tochi. Wakiona kitu, ndipo kamera inafuata.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili wa sekondari, na bima yangu inakatwa na shule. Nilipoomba, kampuni ya bima ikanijibu kwa barua fupi. Kamera wangelipia. Picha hawalipii, na isitoshe, mimi si mgonjwa.

Niliikunja ile barua, nikafarijika. Ndiyo, nilifarijika. Nilikuwa nimepata sababu ya kutopimwa na lawama zingekuwa za bima.

Faida aliisoma mara mbili, akaniuliza ofisi yao iko wapi. Jumatatu iliyofuata hakufungua kibanda chake. Tulikaa kwenye viti vya plastiki tangu asubuhi hadi karibu saa saba, ndipo tukaitwa kwa msichana mmoja mwenye adabu na macho ya kuchoka.

"Nyabo, mama, hiki ni kipimo cha uchunguzi tu," aliniambia. "Na sina chochote hapa kinachoonyesha kwamba kuna saratani kwenu."

Faida akafungua mfuko wake. Akatoa faili. Zilikuwa karatasi za hospitali za Ramadhani, zote, zimepangwa kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho. Akaziweka mezani mbele ya msichana.

"Hii makaratasi ni ya bwana yangu. Soma. Huyu ni dada yake, baba moja, mama moja. Miye nilizika moja. Unataka nikuletee makaratasi ya wa pili?"

Msichana alilivuta faili karibu. Akaanza kusoma, polepole, na mimi nikawa nasoma pamoja naye, maandishi yakiwa yamepinduka upande wangu. Ndivyo nilivyoona. Kwenye karatasi ya kwanza kabisa daktari alikuwa ameandika kwamba mgonjwa ameletwa na mkewe, aliyegundua tatizo juma hilo hilo, na kwamba mgonjwa mwenyewe anakiri kumficha kwa zaidi ya mwaka, akitupa nguo zake safarini.

Akitupa nguo zake safarini.

Sikuweza kumtazama Faida usoni. Msichana alipotaka kwenda kuzitoa nakala, Faida alisimama akamfuata hadi kwenye mashine. Hakuziacha zile karatasi zitoke machoni pake. Tukaambiwa tuongeze barua ya daktari kuhusu dawa zangu za damu, tukaipeleka, na siku tisa baadaye bima wakakubali. Msichana mwenyewe ndiye aliyenipigia simu, na nilisikia katika sauti yake kwamba alikuwa amefurahi.

Jana ilikuwa siku ya kunywa dawa ya kusafisha tumbo. Sitaeleza mengi. Itoshe kusema kwamba tangu saa nane mchana mimi na choo tulikuwa kitu kimoja. Faida alikuja, akaweka kigoda nje ya mlango wa choo, akawa ananipigia hadithi za wateja wake: yule anayetaka kitenge cha harusi kwa bei ya leso, yule aliyerudisha gauni limeshashonwa. Nilicheka humo ndani nikiwa katika hali ambayo mtu hapaswi kucheka.

Leo asubuhi, mpira mwembamba kwa njia ya haja kubwa, hewa ya kulitanua tumbo, dakika kumi na tano za kulala chali kisha kifudifudi. "Shika pumzi, maama. Haya, pumua," aliniambia mpiga picha. Aibu niliyoihifadhi kwa miaka hamsini iliisha kabla ya dakika ya tatu. Maumivu yalikuwa kama ya gesi kali. Sikudungwa sindano ya usingizi. Nilivaa, nikatoka kwa miguu yangu. Binadamu amefikia kuona ndani ya mwenzake bila kisu! Nilisimama pale kwenye ukumbi nikashangaa kama mtoto.

Saa nane daktari akatuita. Kuna kinyama kimeota kwenye ukuta wa utumbo, kidogo, mfano wa uyoga. Kinaonekana bado si saratani, alisema, lakini vya aina hiyo vikiachwa miaka ndivyo vinavyogeuka. Sasa sababu kubwa ipo. Watasimamisha dawa zangu siku chache chini ya uangalizi wao, waingize kamera, wakitoe na kukipima. "Umekuja mapema," alisema. Nilitaka kumwambia kwamba sikuja, nililetwa.

Tulipotoka nilimshika Faida mkono, nikamwambia, "Wifi, lile neno nililolisema matangani..."

"Nililisikia," akasema. Hakunirahisishia. "Liliniuma sana. Nililala nalo siku mingi."

Nikamwomba msamaha. Nililia, nikiwa na njaa, katikati ya watu wanaosubiri dawa.

Akanifuta uso kwa ncha ya kitenge chake. "Watoto yangu wako na shangazi moja tu," akasema. "Sitaki kuzika yeye."

Nimeandika sentensi hiyo nikasita. Ningekuwa mimi, baada ya maneno yale, ningerudi kubisha hodi kwenye mlango ule? Sidhani. Mwanamke huyu alibeba msiba wake, akaubeba na ubaya wangu juu yake, na bado akapata mkono wa kunivuta.

Amebaki mdogo wetu Swaleh, kule Luzira. Ana miaka arobaini na minne, siku hizi hapokei simu zetu, na alishatuambia yeye ni mzima kama ng'ombe. Jumamosi tunakwenda kwake, mawifi wawili, bila taarifa. Mimi sijui tutaanzaje. Faida anajua.