Mikono Niliyoificha Ndani ya Glavu

Flemingdon Park,
Toronto.
13 Februari 2011

Mpendwa dada Kathure,

Nakusalimu kwa jina la Bwana aliyetuamsha sote leo, wewe huko Nkubu na mimi huku kwenye theluji. Mgongo wako unaendeleaje? Na Mama je, bado anakula vizuri? Sisi tu wazima, ila mimi si mzima sana, na leo sitakuficha.

Ile shida yangu ya ngozi ya tangu utotoni, iliyomfanya Mama anikataze kugusa sabuni ya kufulia, imenirudia kwa hasira. Kazi yangu unaijua, kuwaogesha wazee. Nanawa mikono labda mara arobaini kwa siku. Nje ni baridi, na ndani mitambo ya joto inakausha hewa mpaka midomo inapasuka. Vidole vyangu vina nyufa kama shamba lililokosa mvua. Kukamua limau siwezi. Chapati sasa anakanda mume wangu Gerishon, na chapati zake, dada, tunamshukuru Mungu tu.

Daktari alisema ni pumu ya ngozi. Haiambukizi, wala haina dawa ya kuimaliza. Akanipa mafuta mazito yasiyo na harufu na glavu nyeupe za pamba.

Lakini kilichoniumiza zaidi kilitokea kanisani. Miaka sita mimi ndiye niliyesimama mlangoni kwenye ibada yetu ya Kiswahili, nikimpa kila mtu mkono. Nilipokuja na glavu, mzee Elkana alicheka, "Gakii, leo umekuja kunipima kama daktari wa ng'ombe?" Nikacheka naye. Jumapili iliyofuata nikaziacha nyumbani, nikawa nawapa watu kifundo cha mkono, vile tunavyofanya tukiwa tumetoka shambani na matope. Wetu walielewa. Lakini binti mmoja aliyezaliwa huku aliviangalia vile vidole, akarudisha mkono wake mfukoni.

Baada ya ibada, Mama Goretti, msimamizi wetu, alinivuta kando. "Dada, pumzika kidogo pale mlangoni. Mpaka upone." Alisema kwa upole. Sikumwambia kwamba daktari hakutaja kupona.

Siku hizi nakaa kiti cha nyuma. Naomba, ila maombi mengine siyamalizi.

Sasa dada, sababu hasa ya barua hii. Nimepata likizo, Mungu akipenda nitakuja Agosti. Uliniambia kwamba tangu macho ya Mama yazime, anawajua watu kwa kuwashika viganja. Miaka tisa iliyopita aliniaga akiwa amekishika changu, na kilikuwa laini. Naogopa atakishika hiki na kuuliza ni cha nani.

Usimwambie naumwa, atakosa usingizi. Mwambie tu mikono ya Gakii imekuwa migumu kwa kazi. Huo si uongo. Na siku nitakayofika, simama karibu naye, ulitaje jina langu kabla hajanishika. Nakuomba sana.

Nisalimie kaka Gitonga na wanawe, na mama Bosibori jirani yetu. Mungu aibariki mikono yako inayomlisha Mama, maana inafanya na kazi ya hii yangu.

Mimi mdogo wako nikupendaye,

Gakii