Vumbi Jeupe Kwenye Saladi

Mayu, mama yangu,

Shikamoo. Mwangaluka hapo Tinde. Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua uipake, usiitunze kabatini kama unavyotunza kila kitu. Huku Nyarugusu mimi, Mama Kulwa na watoto tu wazima.

Najua unachotaka kusikia kwanza, kama nimerudi duarani kuchimba dhahabu au la. Tangu shimo lilipomfukia kaka Shija huna amani, nami nilikuahidi nitaishi kwa bustani. Mwezi huu ahadi hiyo nusura inishinde.

Mteja wetu mkubwa ni Mama Zuhura, anayepikia wachimbaji kwenye kambi moja hapa. Alirudisha tenga zima la saladi. "Baba Kulwa, majani yako yana vumbi tena yananata. Ukileta hivi tena nanunua kwingine." Kweli, niliona punje nyeupe. Nikalilaumu karasha la jirani, maana linasaga mawe mchana kutwa na hapa hata kuku ni weupe. Nikawa namwagia majani maji kwa juu, naenda zangu nimeridhika. Miche ikazidi kujikunja.

Mama Kulwa akachoka na mimi. Zamani alikuwa akikosha mchanga wa dhahabu mwaloni, na mikono haijasahau. Akatumbukiza mche kwenye karai la maji, akalizungusha taratibu.

"Vumbi la mawe huzama," akasema. "Hili linaelea. Na hawa wa kijani wana miguu."

Niliona aibu, Mayu, nikacheka. Zile punje ni magamba waliyojivua vidukari. Wenyewe walijazana chini ya majani na ndani ya moyo wa mche, wakifyonza utomvu. Ule mnato ni uchafu wao, ndio uliowaita sisimizi.

Hamisi, niliyekuwa nikichimba naye, akataka kunipa maji ya mwaloni yenye zebaki, eti yanaua kila kitu. Nikamwambia ndicho ninachoogopa, majani haya yanaliwa. Tuling'oa miche iliyoharibika tukaifukia mbali, tukapalia magugu. Jua likipoa tulinyunyizia maji yenye sabuni kidogo, hasa chini ya majani, na asubuhi tukasuuza. Tukarudia kila tulipowaona tena. Mbolea ya chumvichumvi nimepunguza, maana majani yakiwa mororo sana huwavuta. Wale wadudu wekundu wenye madoa meusi tumewaacha, wao huwala vidukari.

Wakati huo nyumbani tulikuwa tumeishiwa, na mwenye duara alishatuma mtu kuniambia kuna nafasi. Niliogopa, Mayu. Nilijua saladi ikirudishwa tena, nitashuka.

Msalimie dada Kabula na shemeji, na baba mdogo huko kwenye ng'ombe zake.

Leo asubuhi Mama Zuhura aliukunjua mche mpaka ndani, akakagua, kisha akaliingiza tenga jikoni. Yule mtu wa duara alinikuta njiani narudi. Akauliza kama naingia zamu. Nikamwambia nawahi kumwagilia.

Ni mimi mwanao, niliye juu ya ardhi,
Masanja