Nilicheka Mfuniko, Sikukucheka Wewe

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini Mungu amekuamsha salama, wewe na nyumba nzima. Goti je, linakunjika sasa? Mimi ni mzima wa mwili, ila moyo umechanganyikiwa, ndiyo maana naandika badala ya kupiga. Ulipoanguka jikoni tukiwa tunaongea kwenye simu, nilicheka. Tangu siku hiyo unanijibu "nzuri" na "haya", basi.

Nikueleze ilivyokuwa. Hapa ugenini Sundbyberg, kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi, kila Jumatano huonyeshwa sinema za kale za vichekesho, zile zisizo na sauti. Mara ya kwanza mtu alidondoka kutoka kwenye ngazi, kimya kabisa, nikamhurumia. Hakuna aliyecheka. Wiki iliyofuata bibi mmoja wa humo, Ingrid, akaja na filimbi, ngoma na mifuniko ya sufuria. Marehemu baba yake alikuwa akipiga sauti hizo kwenye majumba ya sinema. Mtu yule yule, ngazi ile ile: filimbi ikalia akiteleza, ngoma akitua, halafu mfuniko ukazunguka sakafuni mpaka ukanyamaza. Tulicheka mpaka machozi. Nikamuuliza, mbona wiki iliyopita ilikuwa huzuni? Akasema, "Sauti ndiyo inayowaambia hajaumia."

Basi akanifundisha, nikakabidhiwa mifuniko. Siku ile ulipoanguka nilisikia kwenye simu mfuniko wako ukizunguka vile vile, mama. Kicheko kilitoka kabla sijajua. Kumbe wewe uko chini, na goti limeumia kweli.

Nimeomba, nimesoma Neno, bado sielewi kama ni dhambi ya sikio au ya moyo. Jumatano iliyopita mtu alipodondoka, mkono ulikataa kugonga. Nikajikuta nasema kwa sauti, "Pole, baba." Wazee wakacheka kuliko siku zote, wakidhani nimebuni sauti mpya. Nikatoka nje nikalia, na sijui nililia nini.

Neno hilo lilikuwa lako, mama, nikampa mtu wa kwenye sinema kwanza. Pole sana, mama.

Nisalimie kaka Elia anayekuuguza, na shangazi Naomi na kwaya yake. Elia asiniandikie salamu tu. Mwambie aandike maneno yako mwenyewe, hata kama ni ya kunigombeza. Nijibu mapema.

Mwanao,
Rehema