Wachumba Niliowaletea Inzi Wako

Anaeli mjukuu wangu,

Usinicheke kwa mwandiko. Nimesoma mpaka darasa la nne, na unajua niliacha kwa sababu gani, ng'ombe wa baba walitaka mtu. Naandika kwenye daftari lako, kurasa za nyuma ulizoacha wazi. Umeniachia kurasa nyingi mno. Ulikuwa na haraka gani?

Haya. Tangu uondoke, asubuhi za huku zimekuwa za ajabu. Ukungu unashuka kutoka msituni mpaka unaingia jikoni, unakaa kama mgeni asiyeaga. Migomba inasimama humo ndani kama watu waliosahau walichokuja kufanya. Mara nyingine nakuona. Uko katikati ya migomba na koti lako jeupe la kazini, umeinama, unafukuzia kitu na chupa. Nakuita, hugeuki. Hata ulipokuwa hai, ukiwa na inzi ulikuwa hugeuki, kwa hiyo sishangai. Nachota maji yangu naendelea. Siogopi. Nimezoea kuishi na wewe hivyo, nusu upo nusu haupo, kama mlima wetu: siku tatu hauonekani, na hakuna anayesema umehama.

Ninalotaka kukuambia ni habari ya hao inzi. Kaa chini.

Unakumbuka ulivyowaleta. Umetoka hospitali umebaki macho tu, shangazi zako wamebeba mabegi, wewe mwenyewe umekumbatia kasha la chupa kama umebeba vifaranga. Nikauliza hicho nini. Ukasema, "Bibi, ndiyo kazi yangu." Nikafunua. Inzi! Vile vijinzi vya ndizi ambavyo maisha yangu yote navifukuza kwa kitambaa nikitengeneza pombe! Nimekusomesha kwa kahawa, nimelala chini ya bati linalovuja, umevuka bahari, umerudi daktari usiyetibu hata kikohozi, kumbe unafuga inzi. Nililia. Nilikuambia nalilia ugonjwa wako. Uongo. Siku ile niliwalilia inzi.

Ukacheka mpaka ukakohoa damu kwenye leso, ukaificha, nami nikajifanya sikuona.

Halafu ukanifundisha. Chupa zenye utepe mwekundu, hao umewakamata hapa hapa kwenye kihamba chetu, shamba hili la migomba na kahawa, juu karibu na msitu. Zenye utepe wa bluu ni wa Terrat, kule chini kwenye joto na vumbi. Ulitaka kujua wa kwetu wana nini kwenye damu hata baridi ya huku isiwaue. Ukasema ndani ya damu mna maandishi na wewe unayasoma. Nikasema mimi hata ya kwenye daftari yananitoa jasho. Ukanipa darubini nichungulie, nikaona jicho la inzi, jekundu kama buni iliyoiva, limepangwa vizuri kuliko mstari wowote wa kahawa niliopanda mimi. Nikanyamaza. Ulifurahi sana siku ile niliponyamaza.

Kila wiki mbili wahamishiwe chupa mpya yenye ndizi na unga na hamira, mdomoni pamba. Mikono yako ikaanza kutetemeka, nikawa nawahamisha mimi, wewe umekaa juani na shuka begani, unaamuru. "Gonga taratibu, Bibi. Usiwapige kama unapiga mbuzi wa jirani." Sijawahi kuamrishwa na mtoto nikaona raha. Mungu anisamehe, zile wiki nilikuwa na furaha, na wewe ulikuwa unakufa.

Ukaniambia wale wekundu wa maabara wameliwa na kuvu wote, waliobaki duniani ni hawa wa chumbani kwako. Ukasema niwatunze mpaka mkutano, ule mnaokutana kila mwaka ninyi watu wa inzi, na mwaka huu unafanyika Arusha. Nikakuahidi. Mvua za masika zikaja, ukaenda nazo.

Sasa sikiliza kosa langu, usinikatize.

Baada ya mazishi nyumba ilijaa watu, nikachelewa kuwahamisha. Nilipofungua kasha, wa bluu wazima, wekundu wamebaki saba. Saba! Wanatambaa, hawaruki. Nikakaa nao dirishani nikiwaza. Ulishaniambia chupa moja ni watoto wa mama mmoja, na wajukuu wake, na vitukuu, wote humo humo. Nilipokusikia mara ya kwanza nilidhani ni utani. Sasa nikaona: hawa wanaoana kaka na dada! Miaka mitatu tangu umkamate mama yao! Ndiyo maana wamedhoofika. Wewe mtoto wa Kimeru, umekaa mezani kwangu, unajua wa ukoo mmoja hawaoani, hata mbwa wa nyumba hii wanalijua, halafu unafuga aibu kama hiyo chini ya paa langu?

Nikachukua chupa ya bluu. Nikagonga taratibu kama ulivyonifundisha. Nikatoa madume watatu, wana weusi nyuma, ulinionyesha. Nikawaingiza kwa wekundu. Niliwaombea hata baraka, ukitaka kujua.

Na wakashika! Wiki mbili tatu chupa imejaa, wanavuma, wanapanda kioo. Nilitembea kihambani kichwa juu. Nikasema Anaeli angeona, angejua kwamba bibi yake asiyesoma ameokoa kazi yake kwa akili ya wazee.

Wewe ungelia. Najua sasa.

Siku ya mkutano Mama Dokta, mkubwa wako wa maabara, yule Mchaga mrefu asiyekaa kimya, alikuja na gari kunichukua. Nilivaa gauni la Pasaka. Nilipakata chupa mpaka mjini. Alipoona wekundu walivyojaa, alipiga vigelegele barabarani pale Tengeru, watu wakageuka. "Bibi, wewe ungekuwa profesa!" Nikasema kilichonizuia ni ng'ombe.

Anaeli, ukumbi ule. Sijui kama nilikuwa macho. Mchana kweupe wamefunga mapazia, giza, halafu ukutani akatokea inzi mkubwa kama fahali, mabawa yake yanang'aa kama vioo vya madhabahuni. Watu wametoka nchi ambazo sizijui, wamekaa kimya wanamtazama, na hakuna anayecheka. Wakati wa chai wanakumbatiana kama ndugu kwenye arusi. Wanaulizana, inzi wako hawajambo? Mwingine anafuga wenye macho meupe, mwingine wenye mabawa yaliyojikunja. Wanaonyeshana picha zao kwenye simu kama watu wenye wajukuu. Nikasema kumbe mtoto wangu hakuwa peke yake. Hiyo ilinitoa mzigo ambao sikujua nimeubeba.

Ukutani kulikuwa na karatasi yako pana, jina lako juu kwa herufi kubwa, nalo nililisoma mwenyewe bila kusaidiwa. Mama Dokta akanieleza polepole. Akasema mchana nitaitwa mbele nikabidhi chupa, na wekundu watagawanywa kwenye maabara za nchi tano, na jina lako litakwenda nao. Halafu akasema, "Uzuri wao, Bibi, ni kwamba ni damu ya mama mmoja. Hakuna mgeni aliyewahi kuingia. Ndiyo maana tunaweza kuyaamini maandishi yao."

Nikaikumbatia chupa.

Nilirudi kukaa. Wakazima taa tena, mtu akaongea Kizungu, sauti yake ikawa kama mvua kwenye majani ya migomba. Chupa iko mapajani, wanavuma. Nikawaza: nani anajua? Mungu, na wewe, na inzi. Nikinyamaza, jina lako litavuka bahari. Nikisema, nimeliua mara ya pili. Ndipo nikakuona kiti cha pembeni, na shuka lako begani, unatazama yule inzi wa ukutani. Hukunigeukia. Nilitaka useme neno, hata uniite mjinga. Wewe ukatazama tu, na uso ulikuwa ule wa siku nilipomkataa kijana wako.

Hatukuwahi kulizungumza hilo. Ulimleta, ana adabu, ana kazi, nikamuuliza ukoo wake, akataja wa kwetu. Nikasema chai yake iishe aende. Ulinyanyua vikombe ukaosha, na hukuleta mwingine. Kwa miaka yote nimesema nilifanya sawa. Bado nasema. Lakini siku zile za mwisho, unaumwa, ni mimi tu niliyekushika mkono, na mimi mkono wangu umekauka.

Taa zikawashwa wakaniita.

Nilisimama mbele yao. Binti mmoja mwanafunzi alikuwa anatafsiri. Nikasema shikamooni wenye umri wangu, wengine hamjambo. Nikasema jina langu na la kwako. Nikasema, "Hizi chupa msizichukue. Niliona ndugu wanaoana nikawaletea wachumba kutoka Terrat. Kwetu ni haki. Kwenu ni kosa. Kosa ni langu, mtoto hakuwepo, alikuwa ameshazikwa."

Binti akasita, nikamwambia tafsiri yote usipunguze.  Watu wengine wakacheka, si kwa ubaya. Mzee mmoja Mzungu mbele kabisa akavua miwani akafuta macho. Mimi nilimtazama Mama Dokta tu. Uso wake ulikuwa umekwisha.

"Miaka mitatu, Bibi," akasema tulipotoka nje. "Miaka mitatu!" Nikasema najua kuhesabu. Akaenda kwenye karatasi yako na mkasi, akakata kipande cha chini, zile picha za kipimo cha mwisho, kwa sababu alikifanya kwa inzi wachache aliotuma mtu akachukue kwangu mwezi uliopita, nilipokuwa nimeshawachanganya. Nilisimama nikaangalia. Kila mkasi ulipokula, ulikuwa unanila mimi. Zilizobaki ni zile ulizopima mwenyewe kabla hujaugua. Hizo akasema ni safi, zinasimama. Karatasi fupi, Anaeli. Lakini hakuna neno la uongo ndani yake.

Jioni kabla ya kunirudisha alikuja akaketi, akavua viatu. Akasema, "Ungenyamaza, tungemsemesha marehemu uongo dunia nzima." Halafu akalia, tukalia wote, pale kwenye maua ya hoteli, kando ya mto Themi, na wahudumu wanatuletea leso za karatasi.

Jumamosi alikuja huku juu na mitego, chupa zenye ndizi iliyolainika. Tulitembea kihambani kwenye ukungu, mimi nikiongoza. Nilimwonyesha ulipokuwa unainama. Tulikaa kwenye magunia tukisubiri, na sikujua kama tunasubiri inzi au tunakusubiri wewe. Akaja mmoja. Jike, na tumbo lake limejaa mayai. Mama Dokta akamfunika kwa kiganja kama anafunika mshumaa.

Ni mama mmoja. Wanaanza upya, kizazi kwa kizazi, na jina lako kwenye utepe. Watoto wa huyo jike walipoanza kuruka, alirudi akasema kila mfugaji huweka chupa ya akiba kwa mtu anayemwamini, endapo zile za maabara zitakufa. Nikangoja ataje mtu. Akaniwekea mimi chupa dirishani kwako. Mimi, baada ya yote yale! Nikamwambia hana akili. Akasema, "Wewe ndiye pekee niliyemsikia akikiri. Lakini niambie kweli, Bibi, utaweza kuwatazama, kaka na dada, miaka yote hiyo?"

 Nakujibu wewe, kwa sababu kazi ni yako.

Lala, mjukuu wangu. Lala kwenye ukungu wako, usihangaike kugeuka nikikuita. Kila wiki mbili nitawahamisha, nitagonga taratibu. Mgeni hataingia. Wazee watasema wanavyotaka kusema, na moyo wangu utasema nao. Nami, nikifika dirishani, nakuahidi, nitageuza uso.

Bibi yako