Jumamosi ya Ziwa Lililoganda

Mama Rehema,

Barua zangu zote kwako, tangu zile nilizokuandikia nilipokwenda kuongeza masomo, zilianza kwa kukujulisha kuwa mimi ni mzima wa afya. Hii siwezi kuianza hivyo. Afya ninayo, lakini kuna jambo limenikaa kooni tangu niliporudi kutoka kwa binti yetu, na hapa Kibiti sina wa kumwambia. Mambo yangu ya aibu nilikuwa nakwambia wewe.

Utanivumilia nikieleza kwa kirefu. Ulikuwa ukisema kwamba mimi nikiulizwa saa, naanza na jinsi dunia inavyozunguka.

Baada ya arobaini yako Rehema alikataa nibaki peke yangu katika nyumba hii. Akanichukua kwake Ufini, nikakaa nao msimu wa baridi. Unajua nilivyofundisha theluji miaka yote ile, kwa chaki, mbele ya watoto waliokuwa na jasho shingoni. Nilikuwa nawaambia kwamba watu wa nchi za baridi hujifungia ndani mpaka jua lirudi. Si kweli. Kule baridi ikikolea ndipo watu wanatoka. Kila Jumamosi familia nzima, hata mtoto wa kubebwa, wanavaa nguo juu ya nguo: ya kwanza ya kubana mwili, ya pili ya sufu, ya tatu ya kuzuia upepo. Kisha wanakwenda matembezi ya kutwa, na jioni wanarudi mashavu mekundu.

Rehema alitupangia safari hizo mimi na somo wako, mjukuu wetu. Jumamosi ya kwanza tulikwenda kwenye kilima ambacho watoto wanateleza wakiwa wamekaa juu ya vibao vya plastiki. Nami niliteleza, Mama Rehema, na koti langu na kofia yangu ya kiislamu, nikapitiliza mpaka kwenye uzio. Jumamosi ya pili tulikwenda kwenye shamba la wanyama wenye pembe kama matawi, wanaovuta vigari visivyo na magurudumu. Tulibeba chupa ya chai na vitumbua. Mjukuu wetu alinicheka siku nzima, akasema natembea kama bata aliyefungwa miguu.

Unakumbuka ulivyokuwa ukimwita kwenye simu "mke mwenzangu," ukimuuliza kama ameshanipikia? Aliushika utani ule. Siku niliyofika aliniambia, "Sasa mke nimebaki peke yangu, babu, kwa hiyo unisikilize mimi." Ana miaka minane. Kila akiitwa Mwajuma ndani ya nyumba ile nilikuwa nageuka nikitazamia uingie wewe.

Jumamosi ya tatu ilikuwa ya ziwani.

Katikati ya msimu wa baridi, ziwa la kule linaganda unene wa kubeba hata gari. Watu wanatoboa barafu kwa keekee kubwa ya mkono, wanakaa juu ya vigoda na kuvua samaki kwenye tundu lisilozidi mdomo wa ndoo. Watoto wanateleza pembeni. Ufukweni kuna moto na sufuria ya supu. Njia salama imewekewa vijiti huku na huku. Rehema alituonyesha vijiti vile, akasema, "Baba, msitoke nje ya hivi." Kisha akabaki motoni na akina mama wengine. Mumewe siku hiyo alikuwa kazini.

Tulitembea mpaka karibu na ng'ambo. Somo wako aliona nyayo za sungura zikielekea ukingoni, akataka tuzifuate. Hapo barafu ikanguruma chini yetu. Baadaye niliambiwa kwamba mngurumo ule ni wa kawaida, barafu inajinyoosha tu, lakini mimi niliogopa. Mbele yetu palikuwa peupe pote, na kushoto, karibu na ukingo, palikuwa na kichaka cha matete makavu yaliyochomoza juu ya theluji.

Nikakukumbuka wewe.

Nilikukumbuka siku ya kwanza niliyoshuka kwenye mtumbwi Mbwera, kule delta, mwalimu mgeni kutoka milimani Umatumbi, na viatu vyangu vya ngozi. Nilikanyaga tope nikazama mpaka kiunoni. Ulilala kifudifudi juu ya tope lile ukiwa na nguo zako safi, ukaninyooshea upondo wa mtumbwi, ukanivuta huku unacheka. Kisha ukanifundisha: "Mwalimu, kanyaga penye kitu kilichoota. Pale peupe pasipo kitu patakumeza." Maisha yangu yote ya delta nilitembea kwa maneno hayo, na hayakuniangusha. Mizizi inashika tope. Hilo hata jiografia inalikubali.

Nikamwambia mtoto twende kwenye matete, pale pana uimara. Alisimama akasema, "Babu, mama amesema tufuate vijiti." Na mimi nikamjibu kwa mzaha, nasikia sauti yangu mpaka leo: "Mke wangu, mimi nimeoa binti wa Mbwera. Kutembea juu ya maji nimefundishwa." Akacheka. Akatangulia.

Nimesoma tangu hapo, na ni jambo ambalo mwalimu alipaswa kulijua. Kwenye barafu penye kitu kilichoota ndipo pabovu. Mabua ya matete yanatoboa barafu na kuidhoofisha, na jua likiyapata yanaipasha joto. Watoto wa kule wanalijua hilo kabla hawajajua kusoma. Lakini jambo ambalo mtu wa delta angelifanya akiwa na hofu ndilo nililolifanya.

Barafu haikupiga kelele. Alikuwepo, kisha kilibaki kichwa na mikono miwili. Maji yalimfika kifuani, ameshika matete, ananitazama. Na mimi nilisimama. Wewe ulilala kwenye tope kwa ajili ya mtu usiyemjua hata jina, mimi nikasimama nikiitazama damu yetu nimeshika kofia yangu. Mwanamke mmoja aliyekuwa anavua aliacha kigoda chake akaja anatambaa kwa tumbo, akamnyooshea mpini wa keekee, akamtoa.

Rehema alikuja mbio. Mtoto alikuwa amefunikwa makoti ya watu, meno yanagongana, na kabla sijaulizwa chochote akasema, "Nilikimbia, mama. Babu aliniita, sikusikia."

Nilinyamaza.

Nitakueleza nilivyonyamaza, maana hakuna aliyenifunga mdomo. Dakika ya kwanza niliogopa. Jioni ile nilijiambia kwamba Rehema anatetemeka, nimwache apumue. Kesho yake nikaona maneno ya jana yameshakuwa habari ya nyumba nzima. Rehema alimwadhibu: hakuna matembezi tena mpaka theluji iyeyuke. Jumamosi zilizofuata mtoto alikaa dirishani akiwatazama wenzake wanavuta vibao vyao kwenda kilimani, nami nimekaa naye. Siku moja nilimuuliza kwa nini alisema vile. Alinijibu bila kunitazama: "Ungerudishwa Kibiti, na bibi hayupo."

Basi nikarudi mwenyewe, Mama Rehema. Nikamwambia binti yetu nimekumbuka msikiti na shamba. Alichokilipia mtoto yule ili nibaki, nikakitupa.

Hapa mambo yamebadilika kidogo tu. Mdogo wako analima lile jaruba lako la mpunga Mbwera, na anasema ndege wamezidi. Kitanda nimekihamishia chumba cha mbele. Chai bado naipika ya watu wawili, namwaga.

Wiki iliyopita Rehema alipiga simu. Alisema mwanawe amekuwa mkaidi, hazungumzi, na shuleni amekataa kuingia kwenye bwawa la kujifunza kuogelea. Akaniambia, "Baba, mkanye wewe. Wewe ndiye anayekusikia." Akampa simu.

Nikamkanya. Kwa sauti ile ya darasani uliyokuwa ukiitania, nilimwambia mtoto asiyefuata anachoambiwa na wakubwa anawaweka wenzake hatarini. Nilimaliza sentensi zote. Upande wa pili alisema, "Ndiyo, babu. Sitakimbia tena."

Tangu siku hiyo nasimama kwenye sala sijui nimefika rakaa ya ngapi. Watakuja likizo ya shule kukusomea khitima, na nilikuwa nimemwahidi mtoto kumpeleka kwa boti kuiona Mbwera yako. Nikisema kweli, Rehema hatanipa mkono wa mtoto hata kuvuka barabara hapa Kibiti. Ndiye mtoto pekee tuliyejaliwa, na huyu ndiye mjukuu pekee. Nisiposema, nitampakia kwenye boti ile mtoto anayeamini kwamba kosa la mtu mzima ni mzigo wake.

Barua niliiacha hapo asubuhi. Baada ya adhuhuri nimempigia Rehema.

Mara ya kwanza hakuamini. Alisema, "Baba, usimtetee." Ilibidi nianze upya, nimweleze matete, nimweleze kwamba mtoto alinikumbusha vijiti na mimi nikafanya mzaha. Nilimweleza mpaka na kusimama kwangu. Kisha akasema polepole, "Wiki iliyopita nilikwambia umkanye. Ukamkanya." Akakata.

Nimepiga tena mara tatu. Hapokei. Sijui kama watakuja. Sijui kama nitaisikia tena sauti ya somo wako. Ungekuwapo ungeichukua simu mikononi mwangu, ungesema na mwanao, na mimi ningekaa uani nikisikiliza sauti tu. Hupo, na mimi sijui kusema na Rehema bila wewe kuwa katikati. Sikulijua hilo mpaka leo.

Mungu akupanulie kaburi lako, Mama Rehema, na akutie nuru humo. Sikuombi uniombee nisamehewe. Nakuahidi jambo moja lililo katika uwezo wangu. Mtoto anasoma Kiswahili taratibu, kwa kidole, kwa hiyo nitamwandikia yeye mwenyewe, kwa herufi kubwa kama za darasa la kwanza. Mama yake akiizuia barua nitaandika nyingine, na nyingine, mpaka moja imfikie. Karatasi nimeshaiweka mezani. Sentensi ya kwanza ni hii: Mwajuma, hukukimbia, ni mimi niliyekwambia twende huko.

Mumeo,
Mwalimu