Wa Mwisho, Upande wa Pili

Kariakoo, Dar es Salaam
2 Machi 1999

Kwako Baba,

Shikamoo. Msalimie Mama. Mimi mzima, ila situlii, kutwa nazunguka mjini na kanda zangu za kuuza. Mgongo wako vipi?

Siku naondoka ulisema muziki wetu wa kufokafoka ni kelele za watu waliokosa ngoma. Neno hilo bado limenikaa kooni. Nimekurekodia kanda, nimeituma kwa basi la Bariadi. Wewe manju, kwenye mashindano ya ngoma nyimbo zako zimeshawahamisha watazamaji kutoka uwanja wa kundi pinzani la Bagika hadi kwako. Basi zihukumu na hizi.

Wimbo wa kwanza ni wa zamani, wa Wamarekani. Usihangaike na Kiingereza, sikiliza besi inavyomsubiri mwimbaji. Wa pili ni mpya, wa vijana wa Temeke ambao baba yao kapunguzwa kiwandani. Wa tatu ni wa dada anayewasuta wanaume, Mama ataupenda. Halafu geuza. Wa mwisho, upande wa pili, ni wa kijana asiyejulikana. Huyo msikilize mara mbili. Studio moja inamtaka mwezi wa sita, lakini hajui kama anachoimba ni wimbo au kelele.

Nijibu upesi.

Mwanao,
Mihayo

Kariakoo
9 Aprili 1999

Baba, shikamoo.

Mbona kimya? Kondakta anasema kanda ilifika. Kama hukuipenda sema tu, nitaelewa. Hapana, sitaelewa, lakini sema.

Mwanao,
Mihayo

Ngulyati, Bariadi
25 Aprili 1999

Ng'wanone Mihayo,

Mwangaluka, mwanangu, usije ukaisahau salamu ya kwetu. Marahaba ya barua zote mbili. Sisi wazima. Mgongo unauma nikiinama, kwa hiyo siinami. Wanunuzi binafsi wameanza kupita wakisifu pamba ambayo hata haijapasuka.

Nimechelewa kwa sababu mawe ya redio yaliisha. Wale Wamarekani mpiga ngoma wao anajua kazi. Wale wa Temeke ni waimbaji, Mama yako amelia. Dada anasuta vizuri ila anaishiwa pumzi.

Yule wa mwisho amenikera. Maneno anayo, anayapanga kama mtu aliyelelewa kwenye ngoma. Lakini anamchokoza mzee wa watu na hajitaji jina! Kwetu manju husema kwanza yeye ni nani, mtoto wa nani, ndipo achokoze. Nikaziba kwa karatasi vile vitundu vinavyozuia kanda isifutwe, nikarekodi juu yake. Amefutika.

Baba yako,
Machibya

Kariakoo
8 Mei 1999

Baba,

Shikamoo. Salamu nyingine leo sina.

Yule ni mimi! Umenifuta mimi. Nakala nyingine ilimezwa na redio ya rafiki yangu, hiyo ndiyo ilikuwa imebaki, na watu wa studio wanataka kuusikia wimbo tena. Nimekua nikisimama nyuma yako nikiitikia nyimbo zako. Hukunitambua?

Mihayo

Ngulyati
21 Mei 1999

Ng'wanone Mihayo,

Mwangaluka. Marahaba, hata kama shikamoo yako umeitupa tu. Naona umesahau kuandika kwamba wewe ni mwanangu.

Nilikutambua kabla hujamaliza mstari wa kwanza. Mama yako alikutambua ulipovuta pumzi. Wewe ndiye uliyejificha, nami nikakuacha ujifiche.

Nakurudishia kanda, isikilize kabla hujaendelea kununa. Mimi simjibu mwimbaji dhaifu. Waulize Bagika, wapo walionitukana mpaka wakazeeka bila kupata hata mstari mmoja kutoka kwangu. Wewe nimekujibu kwa wimbo, humo humo kwenye kanda. Mawe ya redio hayakuwa yameisha, nilikuwa natafuta maneno. Pale uliposema kwenye wimbo wako kwamba mzee alikufundisha kuitikia tu, hakukufundisha kuanzisha, niliumia, kwa sababu ni kweli.

Wimbo wako unao kichwani. Waimbie hao wa studio, ila anza na jina lako, kisha langu.

Mwezi wa saba, pamba ikishauzwa, ngoma zinatoka. Usije kusimama nyuma yangu. Nimezungumza na Luhaga, mkubwa wa Bagika, amekubali kukupa uwanja wao. Wenzangu wamenuna, waache. Simama kule, nijibu mbele za watu.

Watu wakihamia kwako, na mimi nitahama.

Baba yako,
Machibya